Spana namba kumi

Gereji yoyote ya pikipiki hapa Dar ina spana moja isiyokaa, nayo ni namba kumi. Kumi na mbili utaikuta, kumi na nne utaikuta, nane imelala kwenye boksi. Namba kumi imeazimwa, imedondokea mtaroni, au imo mfukoni mwa kijana ambaye keshapanda daladala kwenda kwao. Kwa hiyo siku sista aliponikabidhi spana mbili ndogo wodini, nikazigeuza nikasoma namba iliyochongwa, nilicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka. Kumi. Mguu wangu ulikuwa umefungwa kwa nati za namba kumi.

Mimi ni fundi pikipiki, Mbagala, jirani na barabara ya Kilwa. Injini nimeanza kufungua nikiwa na miaka kumi na saba. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza: nilidhani nati naijua.

Mguu niliuvunja 2016, nikijaribu pikipiki ya mteja. Breki nilikuwa nimezifunga mwenyewe na zilikuwa nzima. Daladala iliyochomoka kituoni ndiyo haikuwa na habari na mimi. Mfupa wa goko, mguu wa kushoto, ulikatika chini kidogo ya goti. Hospitali walitaka kunifanyia upasuaji, ila kulikuwa na foleni na kulikuwa na gharama; foleni sikuwa na subira nayo, hela sikuwa nazo. Baba mdogo akaja na gari ya kuazima, tukaenda kwa mzee mmoja anayeunga mifupa, njia ya Mkuranga. Vibanzi vya mwanzi, mafuta, kamba, na kilio changu. Miezi mitatu nikasimama.

Yule mzee simsemi vibaya. Mfupa uliunga, tena uliunga imara. Ila uliunga vilevile ulivyokuwa umejilaza. Vipande vilikuwa vimepandana, na goko limejikunja kwa nje kama upinde. Nikawa na tege la mguu mmoja, na ule mguu mfupi. Nilianza kwa kuchechemea, baadaye kiuno kikaanza kuuma, mwisho goti. Mzee anayeshona viatu chini ya mkungu pale mtaani akanitengenezea katambuga ya kushoto yenye soli ya kupandishia: vipande vinne vya tairi, kimoja juu ya kingine, vimegongewa misumari na gundi. Nikatembea nayo miaka mitano. Hiyo katambuga ikumbukwe, maana ina kazi yake huko mbele.

Daktari niliyekwenda kumwona baadaye alinisimamisha bila viatu, akaanza kuniwekea mbao chini ya mguu wa kushoto, za sentimita moja moja, huku akishika mifupa ya nyonga kwa vidole gumba kuona kama imekaa sawa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akasema, "Basi." Nikamwambia fundi wangu wa viatu alishafika jibu hilo bila shahada. Akacheka. Kisha nikapigwa eksirei ndefu nikiwa nimesimama, kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu, akachora mstari mmoja kwa rula. Mstari huo kwa mtu mwenye mguu ulionyooka unapita katikati ya goti au karibu yake. Wangu ulipita pembeni kabisa, upande wa ndani. Maana yake uzito wangu wote ulikuwa unakalia nusu moja ya goti, kama tairi inayolika upande mmoja kwa sababu fremu imepinda. Hapo nilielewa bila kuelezwa zaidi.

Nisichokielewa ni tiba. Nilidhani watavunja, watanyoosha, watatia chuma ndani, basi. Akaniambia kunyoosha kwa mara moja kunawezekana, lakini mguu una sentimita nne za kudai, na nyama, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu havirefuki kwa dakika tano mezani. Mfupa utakatwa, kisha utavutwa polepole, na katika ule mwanya mwili wenyewe utajaza mfupa mpya.

"Mnatia nini humo kati?"

"Hatutii kitu, fundi. Damu yako inatosha."

Ndipo akanisimulia habari za Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan, kule Siberia, aliyekuwa akitibu watu waliorudi vitani na mifupa isiyounga. Miaka ya 1950 alibuni kifaa cha pete za chuma zinazozunguka mguu, pete hizo zikishikwa na waya nyembamba zilizopita ndani ya mfupa kutoka upande hadi upande na kukazwa kama spoki. Wanasimulia kwamba mwanzoni alitumia vipande vya baiskeli kwelikweli. Tena wanasimulia kwamba mgonjwa mmoja aliagizwa akaze nati ili vipande vya mfupa vikaribiane, yeye akazungusha kinyume, vikaachana; na daktari alipopiga picha akakuta kwenye mwanya kuna mfupa unaota. Kama ndivyo ilivyokuwa neno kwa neno sijui, lakini hadithi ya mtu kuzungusha nati kinyume kisha kazi ikatokea nzuri, fundi yeyote ataiamini.

Kilichonifanya nikubali hasa ni habari ya Valery Brumel. Mruka juu wa Urusi ya zamani, bingwa wa Olimpiki Tokyo 1964, rekodi yake mita 2.28. Mwaka 1965 akapata ajali ya pikipiki, mguu ukasagika. Akafanyiwa upasuaji mara nyingi bila kupona mpaka alipofika Kurgan 1968. Baadaye aliruka tena juu ya mita mbili. Nikasema moyoni, kama mtu wa pikipiki mwenzangu karuka mita mbili, mimi wa kuvuka mtaro wa Mbagala nashindwaje?

Upasuaji sina la kuusimulia, nilikuwa nimelala. Walikata goko pale pale lilipopindia, na ule mfupa mwembamba wa pembeni nao wakaukata ili usije ukazuia safari ya mwenzake. Daktari alinieleza kwamba kukata kwenyewe ndiko kwenye ufundi: mfupa una utando unaouvika kwa nje, na utando huo ndio shamba la mfupa mpya. Ukiuchana ovyo umechoma mbegu. Nilipoamka nilikuwa na pete tatu, waya za unene wa milimita 1.8, misumari michache minene, na kati ya pete ya juu na ya katikati vyuma vinne vyenye nyuzi za nati. Nilivihesabu kabla ya kuuliza maji.

Siku saba za kwanza hakuna kuzungusha. Hilo lilinishangaza. Mfupa umekatwa, nati zipo, spana ipo, fundi yupo, tunasubiri nini? Tunasubiri damu iliyovia pale kwenye mkato igande na kuanza kujengwa nyuzi laini. Ukivuta kabla hazijafungamana, unavuta hewa.

Siku ya nane tukaanza. Kila chuma kilikuwa na namba, moja hadi nne, na sista alinipa karatasi yenye mistari ya tarehe na saa. Wiki za mwanzo vyuma vya upande wa ndani vilikuwa na zamu nyingi kuliko vya nje, ili tege linyooke huku mguu ukirefuka. Baadaye vyote vikaenda sawa. Hesabu yake ni hii: nyuzi za kile chuma zimepishana milimita moja, kwa hiyo ukizungusha nati mzunguko mzima pete imesogea milimita moja. Lakini huzungushi mzunguko mzima. Unazungusha robo, yaani robo milimita, mara nne kwa siku. Saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Nati ina pembe sita, na robo ya pembe sita haikai vizuri machoni, kwa hiyo mama Shabani alileta rangi yake ya kucha, nyekundu, tukaweka alama kwenye nati na kwenye pete. Alikuwa anashika tochi ya simu, mimi nazungusha, naye anasoma kwenye karatasi: "Moja tayari. Mbili tayari. Tatu, baba Shabani, hiyo umeipitisha." Kweli nilikuwa nimeipitisha upana wa unywele. Mwanamke ambaye hajawahi kushika spana maishani.

Robo milimita huisikii. Baada ya saa nne tano ndipo shavu la mguu linaanza kukaza kama kamba ya kuanikia nguo iliyonyeshewa mvua, na kisigino kinaanza kuinuka chenyewe. Mfupa unarefushwa, msuli wa nyuma haukuulizwa. Usipofanya mazoezi, unamaliza tiba ukiwa na mguu mrefu unaotembelea vidole. Mtu wa mazoezi ya viungo aliniagiza mkanda wa kuvutia wayo. Nikamwambia mkanda ninao. Nilikata tyubu ya pikipiki, nikaizungusha chini ya wayo, nikawa navuta kuelekea kifuani, nahesabu hadi thelathini, naachia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Na goti linyooshwe kabisa. Mto chini ya goti, ule ambao kila mgeni anataka kukuwekea kwa huruma, marufuku.

Kuosha matundu ya waya ni kazi ya kila siku. Maji yaliyochemshwa na chumvi yakapoa, pamba ya bendeji, tundu moja pamba moja, hurudii. Kwa joto la Dar mwezi wa kwanza, jasho linateremka kutoka pajani linatulia kwenye pete ya juu, na hapo ndipo ngozi inapoanza kuwa nyekundu. Shemeji yangu alishauri unga wa kahawa, jirani akaleta majivu ya mti ambao alikataa kuutaja. Nilipokea vyote kwa heshima nikaviweka juu ya kabati. Usiku chandarua kilikuwa kinanasa kwenye ncha za waya, ukigeuka unachana. Mama Shabani akashona mfuko kwa kanga kuukuu, mkubwa kama foronya, tunauvalisha mguu mzima kisha tunafunga kamba. Suruali nikasahau, nikawa mtu wa msuli. Watoto wa mtaani walinipa jina siku ya pili: baba Shabani ana dishi, anashika chaneli zote.

Usafiri ulikuwa kesi nyingine. Konda mmoja aliniona nimesimama kituoni na magongo mawili, akanitazama mguu, akasema, "Mzee, hiyo mali itachana watu nguo," akapiga bodi la gari, wakaondoka. Sikumlaumu sana, saa moja asubuhi daladala ya Mbagala hata mwenye miguu miwili mizima anaingia kwa ubavu. Nikawa nakwenda kliniki kwa bajaji, na kila safari ya bajaji nilikuwa naikata kwenye hela ya kodi ya gereji.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Siku ya ishirini ya kuzungusha nilikuwa nimepata sentimita mbili. Ile katambuga yangu nilikuwa naivaa mguu wenye vyuma, na kila nikipata sentimita moja namtuma Shabani aipeleke kwa mzee wa viatu abandue tabaka moja la tairi. Tabaka la kwanza lilitoka siku ya kumi, la pili siku ya ishirini. Kazi inakwenda, maumivu yanavumilika, mwenye fremu ya gereji anataka hela yake ya miezi miwili. Nikapiga hesabu ya kifundi. Kama robo inapita bila kuumiza, nusu itashindwa nini? Nikianza kuzungusha nusu badala ya robo, siku ishirini zilizobaki zinakuwa kumi. Kwenye karatasi nikaendelea kujaza robo. Usiku wa manane nilikuwa nazungusha mwenyewe, tochi nimeishika kwa meno, mama Shabani amelala.

Siku tano baadaye nikamtuma Shabani na katambuga kwa mzee abandue tabaka la tatu. Mtoto akarudi nayo vilevile, haijaguswa.

"Babu kasema mbona umerudi mapema. Kasema ukamwambie mwenyewe."

Nikajikongoja hadi chini ya mkungu. Mzee aliweka nyundo chini, akaigeuza ile katambuga, akahesabu kwa vidole vyake vyenye gundi. "Mwanangu, hili nililitoa Jumamosi ile, na lile Jumatano ya wiki ya kabla yake. Kumi, kumi. Leo tano. Mguu umeanza kukimbia?" Nikamwambia daktari kaongeza kasi. Akanitazama. "Haya," akasema, akabandua. Nadhani alijua. Nilirudi nyumbani nikazungusha siku moja zaidi.

Usiku ule vidole vya mguu vikaanza ganzi. Juu ya wayo, ngozi ikawa kama si yangu. Nikiipapasa nasikia kitambaa. Asubuhi kidole gumba kinainuka kwa shida. Mama Shabani hakuuliza kitu. Alichukua karatasi, akachukua rula ya shule ya Shabani, akapima mwanya kwenye vyuma, akapima tena. Karatasi ilisema milimita 26. Rula ilisema 32. Akaiweka rula kitandani karibu yangu, akaenda kuita bajaji.

Picha ya siku ile daktari aliibandika kwenye taa bila kusema. Picha ya wiki iliyotangulia ilikuwa na ukungu mwembamba kwenye mwanya, michirizi inayoshuka kutoka juu na mingine inayopanda kutoka chini, kama mvua inayokutana na mvua. Hii mpya ilikuwa na michirizi hiyohiyo juu na chini, lakini katikati kumekatika. Mweusi mtupu.

"Umezungusha ngapi?"

Nikamwambia.

Hakufoka, na ingekuwa afadhali afoke. Akachukua kalamu akanichorea nyuma ya karatasi yangu ya uongo. Zile nyuzi laini zilizoko kwenye mwanya, alisema, zikivutwa kwa kipimo ndizo zinazoita chembe za kujenga mfupa. Mvuto wenyewe ndio amri. Pamoja nazo inaota mishipa midogo ya damu, na mishipa hiyo ina mwendo wake wa kuota. Ukivuta kwa kasi kuliko mwendo huo, unaikata kabla haijafika, na palipokosa damu hapaoti mfupa, panabaki kovu. Ilizarov alilijaribu hilo kwa mbwa: nusu milimita kwa siku mara nyingi mfupa uliwahi kuunga na kufunga njia kabla urefu haujatimia, milimita mbili mfupa ukawa dhaifu, milimita moja, tena ikigawanywa vipande vidogo vidogo, ndiyo iliyokubali. "Wewe umeendesha mbili," akasema. "Na si mfupa peke yake. Hiyo ganzi ni mshipa wa fahamu unalia."

Nikauliza kama nimeuharibu. Akasema bado, na kwamba kuna dawa moja tu: kurudi nyuma. Tulisimama. Kisha kwa siku kadhaa nikazungusha nati zile zile kinyume, robo robo, hadi nikarudisha milimita tano, ili vile vipande vikaribiane na nyuzi zilizochoka zipumzike na kuunganika upya. Hebu fikiria fundi anafungua kazi yake mwenyewe kwa mkono wake, mkewe ameshika tochi, safari hii karatasi anaiandika yeye. Ganzi ikaanza kuondoka kutoka kidole kidogo, pole pole, kama maji yanavyokauka uwanjani. Nikamrudishia mzee wa viatu lile tabaka la tatu. Alilipaka gundi, akalipiga misumari. Hakusema neno, na hakunidai hela.

Baada ya mapumziko tukaanza tena, mara tatu kwa siku badala ya nne. Tulipofika milimita 35 daktari akasema tuishie hapo. Nusu sentimita mwili hauihisi, na asingependa kuujaribu tena mfupa uliokwisha kuchokozwa.

Nikadhani nimemaliza. Hapa ndipo ningependa kumshika mkono mtu yeyote anayekwenda kuanza safari hii, kwa sababu mimi hakuna aliyenishika, au nilishikwa nikiwa sisikii. Kuzungusha ndiyo sehemu fupi. Mimi pamoja na ujinga wangu nilizungusha miezi miwili. Pete zilikaa miezi tisa. Muda ulionifanya niibe usiku wa manane haukuwa muda wenyewe. Kwa mtu mzima, kila sentimita inaweza kudai mwezi na nusu au zaidi wa kukaa na vyuma, na hata ningefanikiwa kuokoa siku zile kumi kwa wizi wangu, zingezama ndani ya miezi saba ya kusubiri nisizione. Ule mwanya hauwi mfupa kwa kuwa mrefu. Unajaa chokaa pole pole, kuanzia kingo kuja katikati, na kazi hiyo haina nati.

Miezi ile ilikuwa na maswali mawili tu. La kwanza, nile nini. Kila aliyekuja alileta supu ya kongoro, na mimi supu ya kongoro siikatai hata nikiwa mzima, lakini daktari alisisitiza mayai, maharage, maziwa na dagaa, tena dagaa wale na mifupa yao, na nikae juani asubuhi. Sigara nikaacha siku ileile aliyoniambia kwamba inabana mishipa ya damu na kuchelewesha mfupa. Nilikuwa nimekwisha kuuchelewesha vya kutosha. Diklofenaki, ambayo sisi mafundi tunaimeza kama karanga kila mgongo ukiuma, akanizuia kabisa wakati mfupa unajengeka. Nikaishi na parasetamo.

La pili, nikanyage au nisikanyage. Kila anayeona vyuma anakwambia usikanyage. Mama mkwe alikuja kutoka Kilwa, akaniona nimesimama, akapiga kelele, "Baba, kaa chini, utauvunja!" Kumbe hali ni kinyume chake. Waya zile zina ule mnepo wa spoki. Ukikanyaga, pete zinanepa kidogo mno na mfupa unabonyezwa na kuachiwa, unabonyezwa na kuachiwa, na hiyo ndiyo habari unayoisubiri ili ujue pa kujijenga. Mguu uliotundikwa kwenye kiti mfupa wake unalala. Nikaanza na mzani wa bafuni wa kuazima: kilo kumi na tano juu ya mguu mbovu, baadaye thelathini, baadaye nikaacha gongo moja. Mwezi wa tano tangu nifungwe vyuma nilirudi gereji, nikikaa juu ya kreti la soda na kumwelekeza Dullah, kijana wangu wa gereji, afanye. Aliniuliza siku moja kwa nini simwachii aharakishe kufunga kichwa cha injini. Nilimjibu kwa ukali ambao hakuustahili.

Masika yakaleta matope na usaha. Waya mmoja wa karibu na kifundo ukaanza kuuma kwa mdundo, ngozi ikavimba, ikatoa maji ya njano. Nikapewa vidonge vya siku kumi na kuambiwa nioshe mara mbili. Waya nilioupata ukilegea ni huohuo. Waya ukilegea unachezacheza, ukichezacheza unakwaruza ngozi, na ngozi iliyokwaruzwa inakaribisha wadudu. Ukakazwa tena, ukatulia. Hilo nalo ni la kifundi, ila safari hii sikulikaza mimi.

Picha zilikuwa kila mwezi. Nilijifunza kuzisoma. Unapigwa mbili, ya mbele na ya ubavu, na kila moja inaonyesha kuta mbili za mfupa, jumla nne. Daktari alitaka kuona angalau kuta tatu zimeshikana mstari mmoja bila kukatika. Mwezi wa sita ilikuwa moja. Mwezi wa saba moja na nusu, kama nusu ipo. Ule ukanda mweusi wa katikati, niliouchora kwa mkono wangu, ndio uliokuwa wa mwisho kujaa. Mwezi wa nane nikaona ukuta wa ndani, wa nje, na wa nyuma. Wakalegeza nati kidogo ili mzigo utoke kwenye chuma uhamie kwenye mfupa, nikatembea hivyo wiki kadhaa, wakapima tena. Haukupinda, haukuuma.

Siku ya kutoa vyuma waya zilikatwa kwa koleo, zikavutwa moja moja. Sauti yake ni ile ya spoki inayotoka kwenye rimu yenye kutu. Wakanifunga hogo wiki nne, maana mfupa mpya ukinyang'anywa ulinzi ghafla unaweza kupinda au kuvunjika, na pale waya zilipopita kuna matundu yanayotaka muda. Sista akadai spana zake mbili. Moja nilikuwa nayo. Nyingine tuliitafuta chini ya kitanda, kwenye mkoba, kwenye mifuko ya msuli.

Hogo lilipotoka nilikwenda kwa mzee wa viatu na katambuga. Nilisimama mbele yake, miguu peku, akaniangalia kutoka nyonga kushuka chini, akafunga jicho moja kama seremala. Akabandua tabaka la tatu, likabaki moja. Hilo la mwisho hakulibandua. Alilaza kisu ubavuni akalikata kwa upana, nusu likadondoka mchangani, nusu likabaki chini ya wayo wangu.

"Vaa," akasema.

Nikavaa, nikaenda hadi barabarani, nikarudi.

"Ile spana yao umeiona?"

Nikamwambia Dullah kaikuta gereji, kwenye boksi, siku tatu zilizopita. Jana haikuwepo.